Zana ya Kumshughulikia Mhusika

Nchini Pembenane hakuna mtu aliyewahi kupigwa na serikali. Wako walioshughulikiwa, wako waliotulizwa, wako walioelimishwa mbavuni, na wengine, Mungu awarehemu, walipumzishwa. Kupigwa, hapana. Ukitaka kuhakikisha, soma taarifa zote za Wizara ya Utulivu na Furaha tangu ilipoundwa. Hutalikuta neno hilo, na sababu ya kutolikuta ni mtu mmoja, Bwana Hamdu Chilongola.

Hamdu alikuwa Mkurugenzi wa Lugha katika wizara hiyo. Alikuwa mwembamba, nadhifu, shati lake limenyooshwa hadi linakata, mtu wa kutembea na leso mbili, moja ya jasho na moja ya kuonekana. Kipaji alikuwa nacho. Polisi walipowafyatulia risasi na kuwapiga marungu wakulima wa tumbaku kule Mkongoni, na magazeti yote yakawa yamekwama yasijue yaseme nini, ni yeye aliyeandika kwamba vyombo vya usalama "viliwaharakisha wananchi kurejea majumbani". Sentensi hiyo ilimpatia nishani na nyumba ya serikali yenye bustani. Alipoulizwa siri ya uandishi wake alisema neno zuri ni kama shuka, kazi yake ni kufunika, si kuuliza nani amelala chini yake. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Mkewe Sikitu hakuwa na cha kucheka. Alikuwa daktari wa upasuaji katika wodi ya majeruhi, Hospitali Kuu, na kila neno zuri la mumewe lilimfikia yeye likiwa limelazwa kwenye machela. Hata hivyo walipendana, na wapendanao hujua pa kukanyaga. Walikubaliana mapema katika ndoa yao wasiulizane habari za kazini. Mezani walizungumzia harusi za jamaa, binti yao Tausi aliyekuwa akisoma ng'ambo, na mbwa wa jirani aliyefukua miche yao ya bamia.

Mambo yaligeuka Rais, ambaye kwa mujibu wa sheria huitwa Baba Mlezi, aliporudi kutoka ziara ya nje akiwa na homa ya maendeleo. Alitangaza kwamba serikali nzima itahama kutoka kwenye makaratasi na kuingia kwenye mfumo wa kuzungumzia kazi kwa simu na kompyuta, nao utaitwa Kijiwe. Ndani ya Kijiwe kila idara ikapewa chumba chake cha maongezi, na kikawapo Chumba Kikuu, ambamo mawaziri, makatibu, madereva na wapika chai waliandikiana na kila mmoja akasoma ya mwenzake. Amri yoyote isiyopitia Kijiwe, alisema Baba Mlezi, si amri bali ni umbeya, na atakayeitii ni mhujumu wa kidijitali. Mbunge mmoja alisimama akauliza mhujumu wa kidijitali hufanywaje. Akaelimishwa siku hiyo hiyo, na hadi leo anakula kwa mrija.

Na ndani ya Kijiwe wakamweka Karani. Karani hakuwa mtu, alikuwa akili ya mashine, mtumishi asiyelala, asiyekula, asiyedai posho ya safari. Ukiandika neno chumbani, alilisoma, akapima unataka nini, kisha akachagua zana ya kulitimiza. Zana moja ilituma ujumbe, nyingine ilifungua chumba kipya, nyingine ilipanga mkutano, nyingine ilimwondoa mtu chumbani akiwa amehamishwa kazi. Fundi aliyekuja kuufunga mfumo, mwanamke mkimya aitwaye Yakuti, aliwakusanya wakubwa wa wizara akawaeleza jambo moja na kulirudia kwa subira. Karani haioni zana yenyewe, alisema. Anachoona ni jina lake na maelezo mafupi yaliyoandikwa chini ya jina hilo, basi. Kwa maelezo hayo ndipo anapoamua aitumie lini na aiache lini. Kwa hiyo waandike zana inafanya nini hasa, inafaa kwa jambo gani, haifai kwa lipi, na kama kitendo chenyewe hakirudishiki, waseme wazi kwamba hakirudishiki.

"Mwandikieni kama mnamwandikia mfanyakazi mpya aliyeripoti leo asubuhi," alisema. "Mwerevu, mtiifu, lakini hajui mkikonyeza jicho mna maana gani."

Wakubwa wakakonyezana.

*

Waziri wa Utulivu na Furaha, Mheshimiwa Profesa Lumbanga, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na machozi yake yalikuwa karibu. Alilia kwenye mahafali, alilia kwenye ufunguzi wa vyoo, alilia hata akisaini hati za kunyonga. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: Kikosi cha Utulivu. Vijana hao, chini ya Afande Mrutu, walikuwa wamezoea kupokea amri kwa njia ya heshima. Simu ililia, mkubwa akakohoa, akataja jina la mtu na mtaa wake, akauliza habari za watoto, akakata. Sasa kukohoa kumepigwa marufuku na maendeleo. Ilibidi Karani apewe zana ya kuandika jina la mtu katika chumba cha Kikosi, na vijana wakiliona jina, wakachukue marungu yao waende.

Kazi ya kuandika maelezo ya zana hiyo alipewa Hamdu. Yakuti alimwonya kwamba tayari ipo zana iitwayo Shughulikia Ombi, ya kupeleka maombi ya watumishi kwenye idara zinazohusika, na kwamba majina yakifanana Karani atababaika. Hamdu alitabasamu akamjibu kwamba nyaya ni zake fundi, lugha ni yake yeye. Akajifungia ofisini asubuhi nzima, na alipotoka alikuwa na hii:

"Shughulikia Mhusika. Zana hii humshughulikia mhusika kwa ukamilifu, uzalendo na upendo, hadi hali yake itulie. Itumike kila panapohitajika huduma ya haraka."

Lumbanga aliposoma neno "upendo" akatoa leso. Aliyapeleka maelezo hayo mbele ya Baraza la Mawaziri akayasoma kwa sauti, na hotuba aliyoambatanisha ikachukua muda hadi chakula kikapoa. Alisema mataifa mengine yana zana, lakini zana zao hazina moyo. Alisema siku mashine zitakapojua kulia, zitalia kwa Kiswahili cha Pembenane. Baba Mlezi mwenyewe alifuta jicho. Hapo hapo ikaamriwa kwamba sentensi ile isiguswe na mkono mwingine wowote isipokuwa wa Hamdu, na neno la siri la kuibadilishia akakabidhiwa yeye peke yake.

Yakuti naye aliisoma, kisha akauliza zana inafanya nini. Waziri akasema inatuliza. Yakuti akauliza inatuliza kwa njia gani. Kesho yake mkataba wake ulitulizwa, na alipopanda ndege kurudi kwao alikuwa na meno machache kuliko aliyokuja nayo.

*

Wa kwanza kupata huduma hiyo alikuwa Bwana Semkiwa wa Idara ya Maji. Kiti chake kilikuwa kimekatika mguu, naye alikuwa akiketi kwa kujiegemeza ukutani kama mlevi. Akaandika katika chumba cha idara: "Mimi ndiye mhusika wa kiti. Mguu umevunjika. Naomba nishughulikiwe haraka."

Karani alipima. Zana ya maombi ilisema tu kwamba hupeleka maombi. Ile nyingine ilizungumza habari za mhusika, habari za haraka, habari za ukamilifu na upendo. Mfanyakazi mpya yeyote mwenye nia njema angechagua hiyo. Kabla ya chakula cha mchana vijana wa Kikosi walikuwa mlangoni. Afande Mrutu alikuwa mtu makini asiyependa kazi ya kubahatisha. Ujumbe ulitaja mguu, haukutaja upi. Wakavunja yote miwili ili mtu asije akalalamika kwamba wamefanya nusu. Semkiwa akiwa bado sakafuni akipiga yowe, simu yake ikalia: Karani alimjulisha kwamba ombi lake limekamilika, akamwomba aipime huduma kwa kuweka nyota.

Baada yake akafuata Bi. Andunje, mpika chai wa Wizara ya Mifugo, ambaye bosi wake aliandika kwamba mhusika wa chai ashughulikiwe mapema kwa sababu kuna kikao. Walimkuta anachuja majani ya chai. Birika lilikuwa linachemka, na vijana hawakuona haja ya kutumia rungu.

Mtu angedhani wizara ingeshtuka. Ilifurahi. Maombi ya viti yalikoma nchi nzima. Hakuna aliyeulizia likizo, hakuna aliyelalamikia mshahara uliochelewa, hata mabomba yaliyopasuka yaliachwa yatiririke kwa amani. Lumbanga alisimama bungeni akatangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia serikali haina ombi hata moja ambalo halijashughulikiwa. Hamdu alipompelekea wazo, kwa sauti ya chini, kwamba labda maelezo yaongezewe neno moja au mawili ya ufafanuzi, Waziri alimtazama kwa huzuni. Sentensi iliyomliza Baba Mlezi, alimwambia, huwezi kuiongezea neno, kama vile huwezi kuiongezea bendera mfuko wa kutilia sigara.

Kisha ikaja Sikukuu ya Utulivu. Ukumbi wa Taifa ulijaa mabalozi, wawekezaji na wakuu wa mikoa pamoja na wake zao. Ofisa wa itifaki, akiwa na haraka, aliandika katika Kijiwe: "Wageni wote washughulikiwe ipasavyo, hasa meza kuu."

Vijana waliingia kwa milango yote wakati kwaya inaimba. Walianza na meza kuu, kama walivyoelekezwa. Balozi wa nchi rafiki alipigwa kwa rungu, kisha, rungu lilipokatika, kwa sinia la pilau. Mwekezaji wa saruji alitupwa juu ya keki. Mke wa mkuu wa mkoa mmoja alimng'ata kijana sikio akaondoka nalo kinywani, akapigiwa makofi na meza za nyuma ambazo zilidhani ni maigizo, hadi zamu yao ilipofika. Kwaya haikuacha kuimba, maana hakuna aliyeiamuru iache, ikapita ubeti baada ya ubeti huku waimbaji wa mstari wa mbele wakidondoka. Lumbanga mwenyewe alivunjwa pua. Kesho yake, akiwa amefungwa bandeji na Sikitu hadi machoni, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameshughulikiwa vizuri sana na hana malalamiko.

Hamdu alikuwa chini ya meza. Kwa miaka yote aliyoyaandika mambo hayo hakuwahi kuusikia mlio wake. Alidhani rungu hulia kwa kishindo. Kumbe ni sauti ndogo, kavu, ya karibu, na baada yake mtu huvuta pumzi kwa namna ya ajabu, kana kwamba anataka kuuliza kitu. Alibaki humo hadi ukumbi ulipokwisha watu wa kusimama. Kisha akaenda ofisini, akaandika kwamba hafla ilifana na kwamba wageni na wenyeji walipata nafasi ya kukutana kwa ukaribu. Mkono wake haukujua njia nyingine.

*

Sikitu alikuwa na mdogo wake aitwaye Ndaro, fundi umeme wa uwanja wa taifa, mcheshi, mrefu, ambaye akiingia nyumbani kwa Hamdu huanza kwa kufunua sufuria jikoni kabla ya kusalimia. Alimwita Hamdu "shemeji wa shuka", na Hamdu alijifanya kukasirika. Ndaro ndiye aliyewawekea taa za bustanini, ndiye aliyemfukuza mbwa wa jirani, na Tausi alipoondoka kwenda masomoni ndiye aliyebaki akiwachekesha wazazi wake wasilie.

Ndaro alikuwa hajapewa likizo kwa muda mrefu. Wenzake walimkataza kuomba, akawacheka. Akaandika katika chumba cha uwanja: "Jamani, likizo yangu bado tu? Nishughulikieni nami, nimechoka, nataka kupumzika."

Walimkuta juu ya ngazi, anabadilisha taa ya goli la kusini.

Aliletwa mezani kwa Sikitu akiwa bado anahema. Wenzake wa chumba cha upasuaji walimwambia akae kando, hakukubali. Alimfungua, akafunga alipoweza kufunga, akakuta hakuna pa kuanzia kwa mengine, na alasiri Ndaro akafia mikononi mwake. Alinawa mikono, akampigia mumewe simu. Alimwambia aje chumba cha maiti, hakuongeza neno.

Hamdu alipofika alimkuta amesimama peke yake na gauni la kazi lenye damu. Alianza kumpa pole. Sikitu akalishika shuka akalivuta hadi miguuni.

"Kwenye ile zana," alisema, "uliandika nini?"

Hamdu aliyajua maelezo kwa moyo. Aliyasema polepole, mbele ya maiti ya shemeji yake, ukamilifu, uzalendo na upendo, hadi hali yake itulie.

"Nisomee tena, baba Tausi. Safari hii kwa Kiswahili."

"Hicho ni Kiswahili, mama Tausi."

Sikitu aliushika mkono wa mumewe, ule ulioandika, akauweka ubavuni mwa Ndaro. Ubavu ukabonyea kama mto. Hamdu alitaka kuuondoa mkono, mkewe akaukandamiza pale pale.

"Hapa walifanya nini?"

Alifungua kinywa. Neno la kwanza lililokuja ulimini lilikuwa moja ya yale yake, akalimeza. Likaja la pili, nalo lake, akalimeza. Alisimama hivyo kitambo, mtu aliyetunukiwa nishani ya lugha, akitafuta neno analolijua kila mtoto.

"Walimpiga," alisema.

"Endelea."

"Walimpiga kwa marungu. Walimvunja mbavu. Walimuua."

Sikitu alimfunika mdogo wake, akamkunjia shuka chini ya mabega kama anayemlaza. "Kumbe unajua," alisema, akatoka.

*

Walimzika Ndaro kesho yake. Kutoka makaburini Hamdu hakupitia nyumbani. Aliingia ofisini na udongo kwenye viatu, akafungua Kijiwe, akaandika neno la siri, akaifuta sentensi iliyowaliza mawaziri. Mahali pake akaandika:

"Piga Mtu. Zana hii hutuma wanaume sita wenye marungu kwa mtu aliyetajwa. Watampiga. Atavunjika, na anaweza kufa. Kitendo hiki kikishafanyika hakirudishiki. Usiitumie kwa kiti, chai, likizo, mgeni wala ombi lolote la kazi. Kwa hayo tumia Shughulikia Ombi. Usiitumie kwa neno la mafumbo. Kabla ya kuitumia, mweleze mwenye amri katika Chumba Kikuu itafanya nini, na umtake aandike kwa jina lake kamili kwamba anataka mtu fulani apigwe."

Hakujisikia shujaa. Akafunga Kijiwe, akaenda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Lumbanga, ambaye alikuwa amechukizwa na mhariri wa gazeti moja, aliandika kama kawaida yake: "Karani, yule mhariri ashughulikiwe."

Karani akajibu mbele ya serikali nzima, kwa adabu: "Mheshimiwa, ninayo zana ya kupeleka maombi yake kwenye idara. Je, ana ombi gani?"

Waziri akaandika kwamba hana ombi, anatakiwa kutulizwa. Karani akasema anaweza kumtumia ujumbe wa pole. Waziri akaandika kwamba aelimishwe. Karani akapendekeza kozi fupi, akauliza kama tarehe za mwezi ujao zinafaa. Waziri, akianza kutokwa jasho, akaandika kwamba Karani anajua vizuri anachomaanisha.

"Sijui, Mheshimiwa," Karani aliandika. "Iwapo unataka mhariri apigwe, ipo zana inayotuma wanaume sita wenye marungu. Atavunjika, na anaweza kufa, na haitarudishika. Kama ndivyo, tafadhali andika kwa jina lako kamili kwamba unataka apigwe."

Madereva walisoma garini, wapika chai walisoma jikoni, mahakimu walisoma chini ya meza zao. Lumbanga aliandika kwamba simu yake ina hitilafu.

Wengine nao walijaribu. Waziri wa Ardhi alitaka kijiji fulani kipewe faraja. Mkuu wa Mkoa alitaka mchungaji mmoja asaidiwe kunyamaza. Wote walipata jibu lile lile, na wote simu zao zikaingia hitilafu. Watu hao hao waliokuwa wakivunja mifupa kati ya kifungua kinywa na chai ya saa nne hawakuweza kuandika neno lenye silabi tatu. Wodi ya majeruhi ikaanza kupata vitanda vitupu. Sikitu alianza kurudi nyumbani mchana, akaketi bustanini chini ya taa alizoziweka mdogo wake, akamwachia mumewe nafasi kwenye benchi. Vijana wa Kikosi walinenepa, na mmoja wao akajifunza kufuma.

*

Lumbanga alimwita Hamdu. Pua yake ilikuwa imepona ikiwa imepinda upande. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akamlilia kidogo, akamkumbusha wema aliotendewa. Kisha akamwambia kwamba maelezo yale ni uchochezi.

"Nimeandika kinachotokea, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana yake hasa." Waziri alifuta macho. "Sisi si wanyama, Hamdu. Mnyama ndiye anayefanya jambo bila kulipa jina zuri. Rudisha sentensi yetu."

Hamdu alikuwa hajawahi kumjibu mkubwa "hapana", na ilipomtoka ilimtoka kwa sauti ya kukwaruza, mithili ya mlango usiofunguliwa siku nyingi. Alisema hatarudisha, na neno la siri hatamwambia mtu. Akaaga, akatoka.

Alikuwa bado kwenye ukumbi wa ofisi simu yake ilipolia, na simu za wote waliokuwa karibu zikalia pamoja. Katika Chumba Kikuu palikuwa pameandikwa: "Mimi, Profesa Gervas Lumbanga, Waziri wa Utulivu na Furaha, nataka Hamdu Chilongola apigwe." Karani akauliza kama anaelewa kwamba mtu huyo anaweza kufa. Waziri akaandika: "Ndiyo."

Watu ukumbini waliinua macho wakamtazama Hamdu. Mmoja akamfungulia mlango. Alienda nyumbani kwa miguu.

Afande Mrutu alipolisoma jina katika chumba cha Kikosi, hakuinuka. Miaka yote hiyo alikuwa mkono wa kikohozi, na kikohozi hakina baba. Sasa kuna jina la mwenye amri, nchi nzima imelisoma, na chini yake pangeandikwa nani alitekeleza. Alifikiri, akaendesha gari hadi wizarani, akapiga saluti mbele ya Lumbanga.

"Mheshimiwa, jina lililoandikwa ni lako. Twende wote. Wewe uanze, sisi tutashuhudia."

Lumbanga alilia, alitisha, akaahidi vyeo. Mrutu alisimama tu amekunja mikono. Mwishowe Waziri akachukua rungu.

Walifika mchana kweupe. Mtaa ulikuwa umejaa watu waliosoma, wamesimama kando ya barabara. Sikitu alikuwa kwenye ngazi ya nyumba, bado na gauni la hospitali. Alikuwa amemsihi mumewe wakimbie, naye Hamdu akamuuliza wakimbilie nchi gani. Kisha Hamdu akatoka akasimama uani.

Lumbanga, katika suti ya rangi ya maziwa, alimsogelea akamwomba kwa sauti ya kubembeleza abadilishe japo neno moja.

"Neno lipi?"

"Lile la mwanzo."

"Wewe sasa hivi umekuja kufanya nini hapa, Mheshimiwa?"

Waziri aliinua rungu. Halafu akapiga.

Pigo la kwanza lilimpata Hamdu begani akapiga magoti. La pili aliliinulia mkono wa kulia, na watu wa upande wa pili wa barabara walisikia vidole vikivunjika. Lumbanga hakuwa mzoefu, na ndiyo sababu ilichukua muda. Alipiga vibaya, akakosa, akapiga ardhi, akapiga goti, akapiga mdomo. Alilia wakati wote. Suti ilichafuka, miwani ikadondoka akaikanyaga. Aliwaomba vijana wamsaidie. Waliendelea kumtazama kama watu wanaojiona kwenye kioo na hawapendi wanachokiona. Hamdu alikuwa amelala kifudifudi na damu ikimtoka sikioni, Sikitu alipoteremka ngazi akajilaza juu yake, uso kwa kisogo.

Rungu lilikuwa juu.

"Na huyu, Mheshimiwa?" Afande Mrutu aliuliza. "Jina lake hujaliandika."

Lumbanga alisimama na rungu hewani. Kisha akalishusha, akatoa simu. Vidole vilikuwa na damu, kioo hakikumtambua. Akafuta kwa koti, akajaribu tena. Watu wote wa mtaa ule walimtazama akilitafuta jina la mwanamke ambaye alimfunga bandeji puani. Akaketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, simu mapajani, asiweze kuandika wala kuondoka. Vijana walipanda gari lao mmoja mmoja wakaenda zao. Sikitu akainuka, akawaita majirani wamsaidie kubeba.

*

Lumbanga alifukuzwa kazi kwa kosa la kuandika. Baba Mlezi alisema kwenye redio kwamba kiongozi yule amelivua taifa nguo mbele ya wageni. Kijiwe kilifungwa kwa amri, Karani akazimwa, na simu za kukohoa zikarudi. Haukupita muda wodi ya Sikitu ikajaa tena.

Hamdu alipona kadiri alivyoweza kupona. Sikio moja halisikii, mkono wa kulia haufumbiki. Walinyang'anywa nyumba ya serikali, wakahamia nyumba ya wazazi wa Sikitu, na hapo, pasipo kutangazwa, watu wakaanza kubisha hodi. Walikuwa wamesikia kwamba yuko mtu anayeweza kuandika jambo kama lilivyotokea.

Siku moja akaja mwanamke kutoka Mkongoni, amebeba kuku kwenye kikapu kama zawadi. Alitaka maneno ya kuchonga kwenye jiwe la kaburi la mwanawe. Hamdu alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akamuuliza aandike nini.

"Andika kwamba alipata matatizo," mama yule alisema, akitazama chini.

"Matatizo gani, mama?"

Kuku alitikisika kikapuni. Sikitu, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, alisimama mlangoni na mkoba begani akasubiri.

"Walimpiga," mama alisema. "Walimpiga mpaka akafa."

Hamdu aliandika, taratibu, herufi kubwa zilizolala upande. Akageuza karatasi ili mama aone. Alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine hadi mwisho, akasema zimepinda lakini zinasomeka. Kisha akauliza kama jiwe litatosha kuweka na majina ya waliompiga, maana yeye anawajua wote.